Fulana ya Picha

Kila mwaka, picha za kupelekewa wafadhili zilipokaribia kupigwa, Bi Mwanaidi alitoa kabatini fulana ileile iliyotoboka begani. Wavulana watatu aliopewa kuwalea waliivaa kwa zamu. Safari hii Shamte, mwenye miaka kumi na sita, aliingia sebuleni na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

"Umependeza, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi. "Lakini aliyependeza nani atamhurumia? Vaa hii."

"Hainitoshi tena, mama."

"Mwaka jana ilikutosha. Jikunje."

Shamte alilivua shati lake, akaliweka kitini, akajipenyeza ndani ya fulana. Mpiga picha akamwinamisha kichwa, akamkataza kutabasamu.

"Hapohapo! Sasa ndiyo wewe."

Picha ilipokwisha kupigwa, Shamte aliivuta fulana aivue. Ikamnasa mabegani, mikono juu, uso ndani. Akavuta kwa nguvu.

"Taratibu, baba!" Bi Mwanaidi alimaka. "Utaichana!"

Shamte akaacha kuvuta. Kupitia lile tundu la begani aliliona shati lake jeupe pale kitini, mikono ya shati ikining'inia.