Mbegu za Kurudisha

Koulthoum alikuwa amepiga magoti bustanini, anafunga ua jike la boga kwa uzi, Naïma alipobisha hodi. Kiuno kilimuuma tangu asubuhi. Lakini ua lisipofungwa, nyuki huleta chavua ya maboga ya jirani, mbegu zikaharibika. Maboga ya ukoo wake yalikuwa meupe pe tangu enzi za bibi yake, na hakutaka yachanganyike mikononi mwake.

"Karibu, mwanangu. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja, mama. Ndege imechelewa, nimechoka."

Naïma alikuwa mke wa Zoubeir, mwana pekee wa Koulthoum. Wazungu wa kukodiwa, mamluki, waliposhika nchi, askari wao walimkamata Zoubeir kule Moroni kwa maneno aliyoyasema barazani. Kumwona marufuku, barua marufuku. Chakula tu kilipokewa getini. Basi Koulthoum akawa anatuma maboga kutoka kwake Mutsamudu, kisiwa kingine, Naïma anayapeleka getini. Na katika ukoo wao, ukipewa boga unakula nyama, mbegu unamrudishia aliyekupa. Mbegu zikirudi, mama anajua mwanawe kala, yu hai.

Kila msimu zilirudi, Naïma akizituma kwa mkono wa wasafiri.

Naïma akafungua ncha ya leso yake. "Zoubeir anakusalimu, kupitia askari wa getini. Kasema lilikuwa tamu."

Koulthoum alizipokea mbegu kwa mikono miwili, akazitazama kidogo. "Alhamdulillahi. Nitazipanda nyuma ya jiko, pamoja na zile nyingine ulizonitumia. Chukua ndoo ukaoge, mwanangu. Uso wako umekwisha."

Kweli ulikuwa umekwisha. Mtu huchoka, jamani: leo getini, kesho sokoni, usiku peke yake, na bado anatakiwa atabasamu mbele ya mkwe. Naïma akachukua ndoo, akajikokota hadi nyuma ya jiko.

Huko akasimama, na ndoo ikamponyoka.

Maboga yalikuwa yametapakaa chini, yamekomaa. Hakuna hata moja jeupe. Yote yalikuwa ya kijani, yana mistari, sawa na yale yanayopangwa chini katika soko la Moroni.

Koulthoum alikuwa amemfuata, kajishika ukutani.

"Mama," Naïma alisema. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Ya kwako nilikuwa nayatoa sadaka." Alikuwa analia sasa. "Sikuweza kuyapasua, mama. Wallahi sikuweza."

"Nimekuelewa. Hitima nimeshamsomea, mwenyewe, chumbani, mlango nimeufunga." Koulthoum akamfuta machozi kwa ncha ya leso ile ile. "Ila wewe, mwanangu, eda yako uliikaa na nani?"