Mgeni wa Bwana Lukelo

"Zina kiu, Mama Omega! Hata mtoto mchanga angeona!"

"Mtoto mchanga hakusoma chuo cha kilimo. Mimi nimesoma." Tekla alimsogezea mumewe daftari usoni. "Leo asubuhi: kumi. Jana: kumi. Juzi: kumi. Kumi maana yake maji tele. Haya, soma mwenyewe."

Anselim hakusoma. Alikuwa akizitazama nyanya mia tatu zilizoinamisha vichwa juani, kando ya nyumba yao, ng'ambo ya mto Lumemo. Mpunga wao wote ulikwenda na mafuriko ya El Niño. Kati ya watoto wanne na njaa, zilibaki nyanya hizo tu.

Kipimo kilisimama katikati ya shamba: mrija mrefu, na juu yake kioo chenye mshale. Bwana Lukelo, mtafiti, alikileta wiki tatu zilizopita, akakichomeka hadi kwenye mizizi, akatandaza majani ya mpunga shamba zima.

"Udongo wa juu unadanganya, msiuangalie," alisema. "Mshale ukifika hamsini, mwagilieni. Kabla ya hapo, hata tone."

Kisha akakipigapiga kipimo, akamtania mama yake Anselim, Bibi Bernadetha: "Shikamoo, Mama. Nakuachia mgeni hadi mavuno. Hali ugali huyu, anakunywa maji tu."

Kila Jumatatu Tekla aliujaza ule mrija maji, kama alivyoelekezwa. Mshale haukufika hata ishirini.

"Basi kama maji yapo," Anselim alisema, "mbona zinakufa?"

Swali hilo lilikuwa limemkosesha Tekla usingizi siku tatu. Maji yapo na mmea unanyauka. Chuoni jibu lake lilikuwa moja.

"Mnyauko wa bakteria."

"Mbona alfajiri nazikuta zimesimama?"

"Huanza hivyohivyo. Baada ya siku chache hazisimami tena. Hauna dawa. Unang'oa na kuchoma, siku hiyohiyo."

"Nani ana mnyauko?" Ilikuwa sauti ya Kabula, jirani yao, ambaye nyanya zake zilianzia pale zao zilipoishia. Mfereji wao ulikuwa mmoja. Alikuja mbio, jembe bado begani.

Kabla hajajibiwa, Bibi Bernadetha alikwisha kutoka nyumbani na kata ya maji. "Mgeni anywe kwanza, ndipo agombe. Nyumba hii haijamlaza mgeni na kiu tangu nilipoolewa."

Kabula akapiga goti, akanywa, akairudisha kata kwa mikono miwili. "Asante, Mama." Kisha akamgeukia Tekla. "Zangu bado ziko wima, Mama Omega. Na mimi nina watoto sita."

"Tumsubiri Bwana Lukelo," Anselim alisema. "Ijumaa anakuja."

"Leo Jumamosi, Baba Omega," Tekla alimkatiza. " Hiyo Ijumaa atakuja kukagua nini? Makaburi?"

"Ni chakula cha watoto, Tekla!"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Omega azaliwe. Tekla alijifunga khanga kiunoni, akaingia shambani, akaushika mche wa kwanza na kuuvuta.

Mizizi ilitoka na vumbi. Alisita. Akalipekecha vumbi lile kati ya vidole, akatazama kule kwenye kipimo. Udongo wa juu unadanganya. Akaushika mche wa pili.

Alipofika katikati, alikuta nyasi mbichi zimechomoza kwenye majani makavu kukizunguka kipimo. Akazing'oa nazo. Kipimo chenyewe alikiacha; kilikuwa mali ya utafiti.

Anselim alisimama mikono ikining'inia. Mwishowe akashika mstari wa pili, akang'oa. Kabula naye akaweka jembe chini, akawasaidia huku akilia.

Alasiri walikusanya kila kitu, miche, matunda mabichi na majani ya mpunga, wakamwagia mafuta ya taa. Tekla mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti. Nyanya changa zilipasuka motoni moja moja, na kila ilipopasuka moja, Anselim alifumba macho.

Jua lilipokuwa linashuka upande wa Mofu, shamba lilikuwa uwanja mtupu. Tekla alichukua daftari, akaenda kwenye kipimo kuandika namba ya mwisho. Mshale ulikuwa kwenye kumi na tano.

Nyuma yake alisikia hatua. Bibi Bernadetha alikuja polepole kwenye udongo ule mtupu, kata mkononi, akachuchumaa mbele ya kipimo na kumimina maji yote kwenye shina la mrija, kidogo kidogo, hata tone lisipotee.

"Kunywa, mgeni," alisema. "Leo wenyeji wako wana msiba, lakini maji yako ya jioni hayajakosekana hata siku moja."

Kwenye kioo, mshale ukarudi taratibu hadi kumi.