Sarafu ya Bwana Ellingsen

Sarafu ilianguka kwa mara ya tatu, ikabingirika mezani na kupotelea chini ya viti vya ndege iliyokuwa angani. Clement Varley, muuzaji wa ndege, akapiga magoti kuitafuta akiwa ndani ya suti yake ya harusi.

"Hiyo ni ya Norway," Bwana Ellingsen alimwambia kutoka juu, bila huruma. "Imezoea bahari. Ikianguka, ujue kuna kitu kinatikisika."

Siku nyingine zote mchezo huu haukumsumbua Varley. Mkiwa angani unasimamisha sarafu mezani kwa ukingo wake. Mteja anaona injini za jeti hazitetemeshi kitu, anatoa kalamu. Varley alikuwa na peni yake maalumu, sarafu kubwa ya Kiingereza, yenye nta kidogo ukingoni ya kuinatisha. Ilikwisha kusimama mbele ya Waholanzi, Wabelgiji na askofu mmoja. Wote walipiga makofi, wakaenda zao bila kununua.

Ellingsen hakupiga makofi. Mzee huyu alitajirika kwa meli, na sasa alitaka ndege sita za abiria. Aliichukua ile peni, akaipitishia kidole, akakinusa kidole, kisha akatoa sarafu yake mwenyewe. Mjanja alikuwa amekutana na mjanja mwenzake, tena aliyemzidi miaka thelathini.

Na injini zilitikisika kweli. Ya tatu ilikuwa na kikohozi tangu asubuhi. Kiwanda cha Pridmore kilikuwa kimeunda ndege moja tu, hiyohiyo, na mkurugenzi alikuwa amemshika Varley mkono kabla hajapanda ngazi.

"Huyu asiponunua, Ijumaa nafunga geti," alisema. "Watu mia nane, Varley. Wewe ndiye utakayewaeleza wake zao."

Sasa Varley aliipata sarafu, akaifuta kwenye suruali, akairudisha mezani.

"Bwana Ellingsen, nipe dakika moja nikamwone kapteni."

"Nenda. Mimi nipo tu, siwezi kushuka."

Kapteni Rennick, Mskoti, aliuchukia mchezo wa sarafu kuliko alivyochukia chai baridi. Varley aliufungua mlango wa mbele, akamkuta yeye na msaidizi wake wameinamia saa za mitambo, wote wawili wakiongea kwa pamoja.

"Kapteni, nakuomba kwa jina la mama yako, punguza hizo injini! Dakika kumi tu!"

Rennick hakugeuka. Aliinua mkono, akaupunga nyuma ya kisogo.

"Toka hapa, Varley! Mjinga mkubwa wewe!"

Varley alitoka akitabasamu. Alimjua Rennick: akikutukana, amekubali. Na kweli, kabla hajafika kitini kelele ikapungua, ikapungua tena, na kikohozi cha injini ya tatu kikakoma. Varley nusura alie kwa furaha.

Ellingsen akaisimamisha sarafu, akaondoa vidole polepole. Ikasimama wima kana kwamba imepigiliwa msumari.

Mzee akatoa saa. Dakika moja, mbili, tano. Alipulizia meza kwa mdomo. Aliigonga kwa goti, na Varley akajifanya hakuona. Sarafu haikutingishika.

"Nimekaa miaka arobaini karibu na injini," Ellingsen alisema taratibu. "Sijawahi kuona adabu ya namna hii. Mbona baridi lakini?"

"Hewa safi, bwana. Tunaibadilisha kila wakati."

"Na mawingu yalikuwa chini yetu. Sasa yako juu."

"Kapteni anakuwahisha kwenye chakula cha mchana. Kuna bata wa kuoka."

Kumbe bata ndiye aliyemaliza kazi. Ellingsen akauvuta mkataba, akatia sahihi kwa ndege zote sita, kisha akaanza kuandika kitu chini yake kwa herufi nene. Varley hakusoma. Alikuwa anatazama ile sahihi na kuwaza mia nane wale, na mkewe, na jinsi atakavyoingia nyumbani akipiga mluzi.

Walitua kwa ulaini, wakaenda wakipunguza mwendo hadi ndege ikasimama yenyewe katikati ya njia. Trekta ikaja mbio kuivuta.

"Na hii?" Ellingsen aliuliza.

"Tunabana mafuta, bwana. Kwa Pridmore hatupotezi hata tone."

"Vizuri sana," alisema mzee, akairudisha sarafu mfukoni na kwenda kula bata.

Varley alimkuta Rennick ameketi kwenye majani kando ya gurudumu, kofia mapajani, akijaribu kuwasha kiko. Njiti tatu zilikwisha kuzimika mkononi mwake.

"Mzee, njoo nikubusu!" Varley alipaza sauti. "Amenunua! Zote sita! Na kaongeza sharti dogo tu kwa mkono wake, sikiliza: 'Kila injini iwe na utulivu uleule wa leo, si zaidi wala pungufu, la sivyo ndege zote zirudishwe kwa gharama ya muuzaji.' Dogo, eti? Ulivyopunguza leo ndivyo hivyo hivyo utapunguza siku ya kumkabidhi."

"Nilivyopunguza nini?"

"Injini, mzee. Nilipokuja kukuomba."

Rennick aliivunja njiti ya nne.

"Varley," alisema, "mimi sikupunguza kitu. Zilizimika zote nne juu kule, na mpaka sasa hakuna hata moja iliyokubali kuwaka."