Betri ya Mwenyekiti

Pikipiki ilishushwa tena kutoka kwenye pikapu, na honi yake ilipobonyezwa ikatoa mlio wa mbuzi mwenye mafua.

"Imekufa," alisema Mwenyekiti. "Tena mara hii njiani kabisa, mbele za watu."

Volti aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Volti ndilo jina alilojulikana nalo mtaa mzima, na juu ya mlango wa gereji yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka kutoka kituo cha mabasi: UMEME HAUJAWAHI KUNISHINDA. Sasa ulikuwa unamshinda, tena kwenye pikipiki kuukuu iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa, mali ya Mwenyekiti wa Chama cha Waendeshaji wa Pikipiki za Kale.

Mwenyekiti alipendeza kumtazama. Koti la ngozi, glavu, miwani mikubwa ya kuzuia upepo imepumzika juu ya kofia. Alitoka safarini bila chembe ya vumbi. Dereva wake alibaki ndani ya pikapu, amelala mdomo wazi.

"Jumapili tuna msafara mkuu," alisema Mwenyekiti. "Wanachama wote, na mji mzima unatazama. Taa yangu ikizimika tena, fundi, utapanda ngazi mwenyewe ufute yale maandishi."

"Ikizimika, nitayafuta kwa ulimi," akajibu Volti, ambaye siku zote mdomo wake ulitangulia akili.

Akaanza upya. Mara ya kwanza alikuwa amebadilisha betri. Mara ya pili akabadilisha rektifaya, kile kidude kinachogeuza umeme wa injini uweze kuingia kwenye betri. Safari hii alifungua injini akakagua koili, akapima waya mmoja mmoja, akakwangua kutu hata pale pasipokuwa na kutu. Alipomaliza akapiga kiki. Injini ikaitika papo hapo. Akabana nyaya za mita kwenye betri, akavuta resi kidogo, na namba zikapanda, zikatulia pale pale zinapotakiwa kutulia.

"Inachaji!" akapiga kelele. "Inachaji kama imetoka kiwandani jana!"

"Ilichaji hivyo hivyo juzi," alisema mke wake, aliyekuwa akiziba pancha upande wa pili wa gereji. Akaja akipangusa mikono, akapitisha kiganja kwenye gurudumu la mbele. "Baba Watoto, hizi tairi nilimfungia mimi mwaka jana. Mbona bado zina vinyweleo vyake vya mpira vya dukani?"

"Ndiyo tofauti ya mwendeshaji halisi na hawa wanaokimbizana barabarani. Mtu kama huyu haburuzi tairi." Volti akafungua kifuniko cha tangi. "Na tazama mafuta! Niliyomwachia wakati ule, yapo vile vile. Mashine za zamani hazikuwa na ulafi, mke wangu."

Mkewe akamtazama, akaitazama pikipiki, akarudi kwenye tyubu yake.

Mwenyekiti alipokuja kuichukua, Volti hakukubali kuikabidhi bila somo. "Betri ni mtungi," alieleza, "na injini ndiyo bomba. Injini ikizunguka, mtungi unajaa. Taa na honi hazijazi kitu, kazi yao ni kuchota tu."

"Unanifundisha mimi?" Mwenyekiti akacheka. "Nimekaa juu ya pikipiki hii tangu wewe hujaota ndevu."

"Basi piga kiki mwenyewe uondoke nayo, mzee wangu, usikie inavyonguruma."

"Ningefanya hivyo, lakini mgongo leo umeniamkia vibaya," alisema Mwenyekiti, akaenda kumwamsha dereva.

Jumapili Volti alishindwa kula. Maandishi yale aliyaandika siku alipoacha kuwa kibarua katika gereji ya mtu mwingine, akasimama barabarani kuyatazama mpaka rangi ikakauka. Kuyafuta kungemuuma kuliko kung'olewa jino zima. Akavaa shati safi, akatia mita mfukoni, akamchukua mkewe wakaenda kusimama kwenye kona ya barabara kuu, katikati ya watu waliokwisha kujipanga. Alitaka kuiona taa ile kwa macho yake.

"Ikija imezima?" mkewe akauliza.

"Haiwezi. Nimeikagua mpaka nimeiota."

"Mimi nauliza tu."

Kwanza zikasikika honi kwa mbali. Watoto wakaanza kurukaruka, watu wakatoa simu. Volti akatega sikio apate kuisikia injini, maana ngurumo yake aliijua kama sauti ya ndugu yake, lakini kelele za watu zilimeza kila kitu. Halafu taa zikatokeza juu ya vichwa vya watu, safu nzima, zinawaka mchana kweupe. Taa ya mbele kabisa ilikuwa ya Mwenyekiti. Machozi yakamlengalenga.

"Inawaka!" akamshika mkewe bega. "Unaiona? Inawaka!"

"Naiona," alisema mkewe. "Lakini mbona iko juu hivyo?"

Msafara ukakata kona. Mwenyekiti alikuwa mbele, amekaa wima juu ya pikipiki yake, miwani machoni, glavu kwenye usukani, injini kimya, na magurudumu yote mawili yamefungwa kamba juu ya bodi ya pikapu. Nyuma yake ilikuja pikapu nyingine, na nyingine, na nyingine, kila moja na mwanachama wake juu ya pikipiki, amekunja uso kuukabili upepo. Alipomwona fundi wake, Mwenyekiti akabonyeza honi, ikatoa mlio wa mbuzi mwenye mafua.

"Volti!" akapaza sauti kutoka kule juu. "Umesikia? Imeanza tena!"