Majani Ishirini na Tano

Cyprien alilamba kidole gumba, akavuta jani. Kumi na saba. Akalamba tena. Kumi na nane. Mgongo ulimuuma kama mtu aliyelala juu ya kuni, na kweli alikuwa amelala juu ya kuni, maana kitanda alichopewa kilikuwa fito nne na matumaini.

"Ishirini na tano," alisema Papa Lukumani, mkuu wa kijiji. "Kisha unagonga-gonga kando, ikae sawa. Njo unafunga chikwange, mukate ya muhogo. Bila ile, mukate inaharibika."

"Inaharibika," Cyprien akarudia.

"We! Nilikuambia uko bubu. Bubu harudilii neno."

Cyprien akafunga mdomo. Alitoka Haiti miaka mitatu nyuma, uhuru wa Kongo ukiwa bado mbichi, kuja kufundisha hesabu Stanleyville. Rangi yake ilikuwa ya hapa. Ulimi wake haukuwa wa hapa hata kidogo. Mwezi wa nane waasi walipouteka mji wakaanza kumsaka kila mgeni, na kila mtu aliyewahi kula mshahara wa serikali kwa kalamu. Cyprien akavuka mto, akaifuata njia ya Opala kwa miguu siku nne, viatu vikamwishia njiani. Akaangukia hapa: nyumba kumi na mbili, watu wanane. Wengine, alisema Papa Lukumani, wako kambi ya samaki, mbali msituni.

"Wakikuja, wataangalia kama uko mutu wa pori," Papa alimwambia siku ile ya kwanza. "Alors, tutakufundisha."

Wakamfundisha mpaka akajuta. Kwa kuwa yeye ndiye mwanafunzi, kazi zote nzito zikawa masomo. Kukata michikichi: somo. Kuchimba muhogo: somo. Kubeba kuni: somo la marudio. Wengine walikaa kivulini wakimsahihisha.

Desturi za hapa zilikuwa na mambo yake. Kijito kilikuwa kipana cha kutosha watu thelathini, lakini wote wanane walisimama mstari mmoja, ndoo mkononi, kila mtu akingoja wa mbele yake amalize. Muhogo waliuloweka usiku mmoja tu, wakaula, kijiji kizima kikatapika siku mbili.

"Ni ya majira ya mvua hii," Mama Mwanahamisi, mke wa Papa, alimweleza, uso umekuwa wa majivu. "Inasafisha tumbo."

Cyprien akatapika kwa heshima, kama mgeni mwema.

Kila asubuhi Papa Lukumani alijigonga paji la uso kwenye boriti ya mlango wake. Wiki ya kwanza Cyprien alidhani nayo ni desturi, akawa anajigonga pia.

Viganja vyake vilitoa malengelenge, kisha damu, kisha vikawa vigumu. Wiki ya tatu alishika panga bila kuuma meno. Alichoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi, lakini alikuwa hai.

Jani la ishirini na tano lilikuwa bado mkononi waasi walipotokea, jua la saa sita likiwa kichwani. Walikuwa saba, ngozi za wanyama zimefungwa vichwani, miguu imevimba. Mbele yao alitembea sajini mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesahau kulala.

Sajini hakumsalimia mtu. Aliinama, akaingia nyumbani kwa Papa Lukumani kulikokuwa na giza. Mfuniko wa mtungi ukasikika. Akatoka, ameinama vilevile, anajifuta mdomo.

"Watu iko kidogo hapa," alisema.

"Wengine iko kambi ya samaki, chef," Papa Lukumani akajibu.

"Aa. Mvua yote hii?"

"Eh, chef. Samaki ya mvua."

"Mikono."

Wote wakanyoosha viganja. Sajini akapita polepole, hakugusa hata kimoja, mpaka kwa Cyprien. Vyake alivibonyeza kama mtu anayechagua ndizi sokoni.

"Na huyu?"

"Bubu, chef. Mutoto ya dada yangu. Alizaliwa hivi."

"Hapa wanaume wanafunga chikwange?"

"Vita, chef. Kila mutu anajikaza."

Sajini akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Bon. Bubu afungie watu yangu chikwange ya njia. Wengine mukae chini. Mutu asisaidie."

Kosa moja tu, na wataanza kuuliza. Cyprien akaketi mbele ya majani. Akalamba kidole gumba. Moja. Akalamba. Mbili. Waasi walianza kumcheka bubu anayeonja majani. Alipofika kumi walikuwa wamenyamaza. Ishirini na tano. Akagonga kando, juu, chini, fungu likakaa sawa kama tofali. Hakuwa amewahi kufanya vizuri namna ile. Akaanza fungu la pili.

Sajini akachuchumaa mbele yake, akakitazama kile kidole gumba.

"Bubu. Nani alikufundisha kushika majani hivi?"

Jibu lilimfika Cyprien kwenye meno, akalimeza. Kisha, kwa furaha ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa mwisho, akainua kidole gumba chake kilicholowa, akakielekeza kwa Papa Lukumani.

Sajini akageuka. Hakupandisha sauti.

"Papa," alisema, "hii nyumba unalala ndani ni ya mama yangu. Hapa kwetu majani haihesabiwi kama pesa. Kule posta ya Stanleyville, ulikuwa unakaa ku dirisha namba ngapi?"