Wanaojiita Marubani

Stika ilikuwa imebandikwa katikati ya bawa la kushoto, juu ya rangi nyekundu aliyoipaka kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Nyale aliipapasa kwa kidole gumba, akakiondoa upesi kama aliyegusa koa.

"Uchafu gani huu?"

"Namba ya usajili, Mzee," akasema Gachanja, katibu wa klabu. "Ni sheria mpya. Ndege isiyo na namba hairuki."

"Kefule! Ndege yangu si ng'ombe, mwaipigia chapa ya nini?"

Miaka kumi na sita klabu yao ilirusha ndege ndogo za kuunda kwa mkono katika uwanja ule wa Kakuyuni, bila namba wala vizibao vya njano, na hakuna aliyeumia ila kuku mmoja. Kisha zikaja hizi droni. Watu wakazipeleka Watamu kuchungulia wageni wa hoteli wakiota jua, malalamiko yakapanda hadi juu, na juu wakaona dawa ni kubana kila kirukacho. Sasa kila mwanachama alitakiwa kufanya mtihani mbele ya mkaguzi. Atakayeshindwa hatarusha tena maisha yake. Na Nyale, seremala aliyekwisha kustaafu, asiporusha ndege atabaki na nini? Kukaa kibarazani kungojea chai.

Lakini lililomtia kichefuchefu hasa ni huyo Gachanja, fundi wa simu kutoka bara, aliyejiunga miaka mitatu nyuma akiwa na droni yake kwapani. Fomu zote yeye ndiye aliyezijaza. Stika yeye ndiye aliyeibandika. Na hiyo droni, aka! Unabonyeza kidude kimoja, inapaa yenyewe, inakaa hewani yenyewe, ikichoka inarudi yenyewe. Mwenye nayo kazi yake kusimama na kushika kiboksi. Na huyo naye anajiita rubani!

Tena hakuwa na adabu. Kila Nyale aliporusha, Gachanja alijipachika nyuma yake, mikono yote miwili ndani ya kibegi cha kifuani, akibambua njugu. Tiki, tiki, tiki, kisogoni mwa mtu mzima. Ya leo ilizidi, kwani sheria yenyewe ilimruhusu: kila anayerusha awe na msaidizi wa kumwangalilia anga, na Gachanja alikwisha jiandikisha jina kabla ya kuulizwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, Jedida kwa jina. "Shikamoo, baba," akasema, akanyoosha mkono.

"Marahaba, mwanangu." Ilimchukua Nyale muda kidogo kuupata huo mkono. Alikuwa na ukungu machoni, wa umri tu, hata Kahaso mkewe alikwisha choka kumpigia kelele za kwenda hospitali.

"Utapaa, uzunguke mara mbili, uchore nane angani, kisha utue ndani ya lile duara la chokaa. Tayari?"

Nyale alivuta antena ya rimoti yake kuukuu. Leo hata rimoti aliiona nyepesi mkononi. Gachanja alizungusha panga la mbele, injini ikanguruma, harufu ya mafuta ikamwingia puani, na dunia yote yenye stika ikamtoka kichwani. Akasukuma kishikio. Ndege ikapaa.

Aliifuata kwa masikio, kama alivyozoea. Hii hapa juu ya mikorosho. Hii hapa inarudi. Kwenye kona ya pili kidole chake kilichelewa, lakini ndege ikapinda vilevile, tena kwa madaha. Imekwisha nizoea, akajisemea. Nyuma yake, tiki, tiki, tiki. Laiti mkaguzi asingekuwapo, angemgeukia yule mtu akamzaba kofi na njugu zake.

"Baba, unaiona?" Jedida akauliza.

"Nimeiunda mwenyewe, mwanangu. Nisiione?"

Sauti ya injini ikashuka, ikakohoa, ikazimika. Wenzake wakapiga makofi. Ndege ilikuwa imesimama ndani ya duara, katikati kabisa.

"Umepita, baba. Hapa Kakuyuni sijaona aliyetua hivi."

Nyale akageuka, kifua mbele. "Umeona, Gachanja? Huko ndiko kurusha. Si kushika kiboksi."

"Nimeona, Mzee. Hongera."

Gachanja akampa mkono. Ulikuwa umelowa jasho chepechepe. Nyale alijipangusa kwenye suruali palepale, Gachanja mwenyewe akimtazama. Mtu hakufanya lolote ila kula, naye anatokwa jasho!

Nyumbani alimsimulia Kahaso yote, la duara akalirudia mara tatu. Kisha akaiweka rimoti mezani, akapapasa ukutani kwenye soketi, atafute chaja achaji betri za kesho.

Kidole chake kikagusa chuma laini. Akahesabu taratibu. Moja, mbili, tatu. Zilikuwa nane, zote zimo ndani ya chaja, zina joto, pale pale alipozichomeka mwenyewe jana.

Akaigeuza rimoti, akakifungua kifuniko cha nyuma, akaingiza vidole. Hamkuwa na kitu.

Akakisukuma kishikio cha rimoti ile tupu, huku na huku: tiki, tiki, tiki.

"Kahaso," akaita mwishowe. "Yule Gachanja, hupenda sana njugu, ee?"

"Gachanja?" Kahaso akacheka kutoka jikoni. "Nani kakudanganya? Siku aliyokuja kunitengenezea simu nilimwekea sahani nzima, hakuzigusa. Yule akionja njugu moja tu, uso wote unamvimba."