Mwalimu Aliyefundisha Mawingu

"Haki ya Mungu, leo sitii chumvi hata chembe," Mwalimu Sichalwe aliwaapia Oresta na Venance, wanafunzi wake wa zamani waliokuja kumjulia hali. Siku hizo kila uongo ulilipiwa kumbukumbu moja ya kweli. Taa ndogo ukutani ilisikiliza, ikachagua, ikachukua. Mzee alikwisha kupoteza harusi yake nzima kwa kisa kimoja cha fisi mcheza bao.

Akawasimulia maisha ya kustaafu: viazi bustanini, goti linalouma mvua ikikaribia. Taa ikatulia. Oresta akapiga miayo, na mzee hakuweza kuvumilia.

"Mwaka juzi nilifundisha mawingu kuhesabu. Yakajipanga juu ya bati langu, yakawa yananyesha kwa zamu!"

Wakacheka hadi chai ikamwagika, kama zamani darasani. Taa ikawaka samawati.

"Mwalimu, nyamaza basi!" Venance alisihi. "Utabaki na nini kichwani?"

"Nitabaki na nyinyi, mjinga wewe."

Upepo laini ukapita kichwani mwake, kama mtu anayefuta ubao. Akawatazama wale wawili wenye macho yaliyolowa kwa kucheka, akawapenda papo hapo.

"Karibuni, wanangu," alisema kwa furaha. "Nani kawaelekeza kwangu?"